Moshi kama pamba, moto kama rangi ya ukutani: anza na mwanga

Swali: Shikamoo mwalimu. Natengeneza animesheni fupi kwa Blender: rundo la kuni linawaka usiku, upana wake kama mita moja. Boksi la simulesheni lina mita 4 kila upande, rezolusheni 128. Moshi unatoka kama pamba. Moto nao ni rangi ya machungwa iliyosambaa sawasawa, kama imepakwa kwa brashi. Msongamano wa moshi nimeweka 20 kwa sababu kwenye 1 ulikuwa hauonekani kabisa. Taa ni moja, iko nyuma ya kamera. Video ikichezwa kuna vitu vinametameta ndani ya moshi, na kila fremu inachukua dakika 38. Nipandishe rezolusheni hadi 256, au nitafute kwanza kadi ya michoro yenye nguvu zaidi?

Marahaba. Kati ya hayo mawili, usifanye hata moja kwa sasa. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na ninachokiona ni simulesheni ambayo huenda haina ubaya wowote, ila imemulikwa vibaya na imepewa msongamano unaoificha. Ukipandisha rezolusheni leo utapata pamba ileile, yenye nyuzi nyingi zaidi.

Na utailipia sana. Boksi lenye 128 kila upande limegawanywa katika vokseli, yaani vijisanduku vidogo, 2,097,152. Lenye 256 lina 16,777,216, yaani mara nane. Namba moja ya vokseli moja huchukua baiti 4, kwa hiyo msongamano peke yake, usipobanwa, unafika megabaiti 64 hivi kwa kila fremu, na hapo hujahesabu joto, mwako, wala kasi ya hewa ambayo ina namba tatu kwa kila vokseli. Tena vokseli zikiwa ndogo, hewa inavuka nyingi zaidi ndani ya fremu moja, kwa hiyo programu inabidi iigawe fremu hiyo katika hatua ndogondogo zaidi ili hesabu zisiharibike. Ndiyo maana kazi ya usiku mmoja hugeuka kuwa kazi ya wiki.

Twende kwenye pamba yenyewe. Kwa kompyuta, moshi si kitu chenye uso kama meza au jiwe. Ni boksi lililojaa namba. Mwale unatoka kwenye kamera, unaingia ndani ya boksi na kutembea hatua kwa hatua, na kila unaposimama unauliza maswali mawili: hapa pana moshi kiasi gani, na mwanga wa taa unaofika hapa ni kiasi gani? Mwanga unaopita ndani ya moshi hupungua kwa kanuni ya Beer na Lambert, ileile inayotumika kwa kioo cha rangi na kwa maji machafu. Msongamano ukiwa 1 kwa kila mita, baada ya mita 1 hubaki asilimia 37 ya mwanga, baada ya mita 2 asilimia 14, baada ya mita 3 asilimia 5.

Sasa iweke ile 20 yako. Pale moshi ulipojaa, mwanga umeshashuka hadi asilimia 37 baada ya sentimita 5 tu, na kwenye sentimita 15 imebaki asilimia 5. Wingu lako lina upana wa mita na ushei, lakini kamera inaona sentimita 15 za nje. Mikunjo, mapengo, nyuzi zinazojisokota, vyote vimo ndani, vimekokotolewa na kuhifadhiwa kwenye diski, na hakuna mwale unaovifikia. Kinachobaki ni ganda lenye mabonge laini.

Utaniuliza, mbona kwenye 1 haukuonekana? Kwa sababu taa iko nyuma ya kamera. Fanya jaribio hili, halichukui hata dakika tano. Washa mshumaa kwenye chumba chenye giza, uache uwake kidogo, kisha uzime. Shika tochi usawa wa jicho lako na uumulike moshi unaopanda kutoka kwenye utambi. Utaona uzi hafifu wa kijivu, na ukipepesa macho umekupotea. Sasa peleka tochi ng'ambo ya moshi, ielekee upande wako, na uikinge kwa kitu chembamba ili isikupige machoni moja kwa moja. Uzi uleule unawaka mweupe. Moshi haujaongezeka hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali mwanga unapotokea. Chembe za moshi wa aina hiyo huutupa mwanga mwingi mbele, kuelekea kule ulikokuwa unaenda, na kidogo tu ndio unaorudi ulikotoka. Na ukiwa hapohapo, angalia pia jinsi uzi huo unavyopanda umenyooka kwa sentimita kadhaa, kisha unaanza kuyumba, unajikunja, halafu unasambaratika. Mimi hulirudia jaribio hili kabla ya kila kazi yenye moshi, kwa sababu hakuna video inayolionyesha vizuri kama macho yako mwenyewe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hii: rudisha msongamano kati ya 2 na 5, zima taa iliyo nyuma ya kamera, weka moja nyuma ya moshi, pembeni kidogo na juu. Kwenye materiali ya ujazo kuna kipimo cha mwelekeo wa mtawanyiko, kinachokwenda kati ya −1 na 1. Kikiwa 0, mwanga hutawanyika sawa pande zote. Kipeleke 0.3 hadi 0.5 na moshi utaanza kung'aa kingoni pale taa inapoupiga kwa nyuma. Fomula inayotumiwa na programu nyingi kwa kazi hiyo ni ya Henyey na Greenstein, ya mwaka 1941, na wao walikuwa wanashughulika na vumbi lililo kati ya nyota. Kwa moshi wa kuni inatosha kabisa.

Nina sababu ya kulisisitiza hili. Mwanzoni mwa kazi hii nilipewa shoti ya ghala linaloungua. Moshi haukukubali, nikapandisha rezolusheni, nikapandisha tena, kompyuta ikakokotoa siku nne mfululizo. Mwenzangu aliyenitangulia kazini alikuja, akatazama kimya, akahamisha taa moja kutoka mbele hadi nyuma ya moshi, kisha akaniomba nifungue simulesheni ya kwanza kabisa, ile ndogo. Hiyo ndiyo iliyokubaliwa. Tangu siku hiyo sigusi rezolusheni mpaka nimerenda, yaani nimeifanya kompyuta itoe picha kamili za, fremu tatu zenye taa katika nafasi tatu tofauti.

Kuna jambo jingine linalochanganywa na msongamano, nalo ni rangi ya moshi. Moshi mweupe si moshi mwepesi, wala moshi mweusi si moshi mzito. Mweupe ni ule ambao chembe zake zinautupa mwanga huku na huku karibu bila kuufyonza, kama mvuke au moshi wa kuni mbichi. Mweusi ni masizi, yanaumeza mwanga. Vyote viwili vinaweza kuwa vyepesi au vizito. Ukitaka moshi mweusi, punguza mwangaza wa rangi ya mtawanyiko, usiongeze msongamano.

Na kwa moshi mweupe, angalia idadi ya midundo ya mwanga ndani ya ujazo. Kwenye Cycles, kirenda cha Blender, namba hiyo huanza na 0, maana yake mwanga ukishatoka kwenye taa na kuigonga chembe mara moja, unakuja kamerani na basi. Moshi mzito mweupe ukirendwa hivyo unakuwa wa kijivu kichafu, kwa sababu weupe wake halisi unatokana na mwanga uliodunda ndani mara nyingi. Weka 2 au 3 uone tofauti. Kwa masizi iache 0, huko hakuna mwanga wa kudunda tena, na utakuwa umeokoa muda.

Sasa moto. Hapa kosa ni moja, na karibu kila anayeanza hulifanya: umechagua rangi ya machungwa ukaipa nguvu. Ulimi wa moto hauna rangi moja. Unachokiona kikiwaka njano na nyekundu ni masizi yaliyopata joto mpaka yakatoa mwanga, na rangi yake inafuata joto lake. Mwanga wa mshumaa uko karibu na kelvini (kipimo cha joto) 1,900; moto wa kuni huwa chini ya hapo. Mwanga wote unaotolewa na kitu cha moto huongezeka kwa joto lililopandishwa kipeo cha nne. Sehemu yenye kelvini 1,800 hutoa mara tano ya ile yenye 1,200, na kwa mwanga ule tu unaoonekana kwa macho tofauti ni kubwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo ndani ya ulimi mmoja, kiini na ncha havilingani hata kidogo: kiini kinapofusha kamera, ncha inafifia kwenye wekundu mzito. Wewe umevipa mwangaza mmoja, ndiyo maana unaona rangi iliyopakwa.

Ondoa rangi ya mkono, tumia mwako unaofuata joto. Unganisha sehemu ya joto ya simulesheni na materiali. Thamani ya kila vokseli huzidishwa na kelvini ulizoandika. Anza na kelvini 1,500 hivi, kisha pitisha thamani hizo kwenye mkunjo, yaani grafu ya kupandisha na kushusha thamani, ili zile za chini zizimike kabisa. Nasema zizimike kabisa kwa sababu mabaki ya mwako hafifu pembezoni ndiyo yanayoupa moto ule utando wa machungwa unaozunguka kila kitu. Usiogope kiini kikiungua hadi weupe. Macho yetu na kamera zote zimezoea kuona hivyo. Hakikisha tu kwamba usimamizi wa rangi, yaani namna programu inavyougeuza mwanga kuwa rangi za skrini, uko kwenye AgX, ambayo Blender imeifanya chaguo la kawaida tangu toleo 4.0 la mwaka 2023, au Filmic kama toleo lako ni la zamani zaidi. Ukitumia ile iitwayo Standard, rangi kali hukatwa ghafla na moto hugeuka kuwa bapa la njano.

Jambo la pili kuhusu moto: toa moshi ndani yake. Ulimi wa moto karibu hauna kivuli. Weka mshumaa unaowaka juani karibu na ukuta mweupe, utaona kivuli cha nta na utambi, lakini cha ulimi wenyewe ni hafifu mno. Simulesheni nyingi huweka moshi mzito palepale penye mwako, na ukirenda hivyo moto unaonekana kama taa iliyovalishwa soksi. Chukua sehemu ya mwako, igeuze, uizidishe na msongamano, ili penye mwako mkali pasibaki moshi. Moshi uanze pale ndimi zinapokatika. Badiliko hili dogo litakupa sura ya moto kuliko jingine lolote nililolitaja.

Halafu moto lazima uumulike moshi wake. Shoti yako ni ya usiku, taa kubwa kuliko zote pale ni kuni zenyewe. Moshi ulio karibu na ndimi uwe wa joto kwa chini, na kadiri unavyopanda ufifie kuelekea giza, isipokuwa kingo zinazoguswa na ile taa yako ya nyuma. Usitegemee mwako wa ujazo pekee kufanya kazi hiyo. Cycles huona mwako kama huo pale tu mwale unapobahatika kuupitia, haiuendei moja kwa moja kama inavyoiendea taa, kwa hiyo ardhi na kuni vinajaa chenga, yaani vidoa vya nasibu. Weka taa mbili au tatu ndogo ndani ya moto, zisionekane na kamera, kisha renda moto peke yake kwa ukubwa mdogo kabisa, soma mwangaza wa kila fremu, na uzifanye taa zipande na kushuka kwa namba hizo. Usiziache zicheze kwa nasibu tu. Mtazamaji hatajua kwa nini, lakini atahisi kwamba mwanga ulio kwenye ardhi na moto ulio mbele yake havihusiani.

Kumetameta. Kabla ya kutibu, jua ni ugonjwa gani, maana iko miwili inayofanana. Chukua fremu moja, irende mara mbili bila kubadilisha kitu ila namba ya mbegu ya nasibu, ile inayoamua miale ibahatishwe vipi. Kama madoa yamehama, hizo ni chenga za sampuli, yaani miale inayotumwa kwa kila pikseli ni michache. Kama picha mbili zinafanana lakini fremu inayofuata ina bonge lililoruka mahali, tatizo ni la simulesheni, nayo hutibiwa kwa kuongeza hatua za hesabu ndani ya fremu. Ongeza kidogo, 2 au 4.

Kwa upande wako naamini ni chenga, na sehemu kubwa inatoka kwenye ile 20. Ujazo mzito una mpaka mkali, na mwale unaotembea kwa hatua ndefu huuruka mpaka huo. Vokseli yako ina sentimita 3.1, yaani mita 4 kugawanya kwa 128. Hatua ya mwale isizidi hapo. Ikiwa kingo bado zina mistari, ifanye nusu, lakini chini ya nusu unalipia muda bure, kwa sababu ndani ya vokseli moja hakuna habari mpya ya kusoma. Kuna programu zisizotembea kwa hatua sawa, zinabahatisha umbali wa kila mruko kwa njia iliyotoka kwa wanafizikia wa nyutroni miaka ya 1960. Hizo hazikupi mistari, zinakupa chenga tu, na chenga hupungua kwa sampuli.

Jihadhari na kiondoa chenga. Kikipewa fremu moja moja, kinakisia upya kila mara, na kwenye moshi makisio hayo yanaogelea kama mafuta juu ya maji. Kipe sampuli za kutosha kiasi kwamba picha isiyosafishwa tayari unaielewa, ndipo kimalizie.

Dakika 38 zitashuka zenyewe ukishapunguza msongamano na kupanga hatua, lakini kuna njia moja ninayoipenda zaidi ya zote. Renda moshi na moto kwenye safu yake, kuni na ardhi kwenye safu nyingine, zikikatana vizuri pale kuni zinapoukinga moshi. Safu ya moshi irende kwa nusu ya upana na nusu ya urefu. Pikseli zinakuwa robo, na kwa kuwa moshi ni laini, ukiukuza wakati wa kuunganisha picha hakuna atakayeona. Ndimi za moto zenye kingo kali ndizo pekee zinazoweza kukusaliti, na hizo ukipenda zirudishe kwenye ukubwa kamili. Boksi nalo lisiwe na hewa tupu. Hifadhi kwa OpenVDB, muundo ulioanzishwa na Ken Museth na wenzake DreamWorks Animation na kutolewa huru mwaka 2012. Hauandiki sehemu tupu, kwa hiyo faili huwa dogo na programu hairuki huku na huku ikisoma sifuri.

Hukuuliza kuhusu kasi, ila nitakueleza kwa sababu ndiyo inayoharibu ukubwa wa moto hata taa zikiwa sawa. Moto unapumua: unavimba, unakatika juu, unavimba tena. Waliopima mioto ya vidimbwi vya mafuta walikuta kwamba idadi ya mapumuo kwa sekunde ni karibu 1.5 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha upana wa moto kwa mita. Moto wa mita 1 unapumua mara 1.5 kwa sekunde, yaani pumzi moja kwa fremu 16 ukiwa na fremu 24 kwa sekunde. Wa sentimita 10 ni karibu fremu 5. Wa mita 10 ni karibu fremu 51, zaidi ya sekunde mbili. Hesabu fremu kwenye simulesheni yako. Ukikuta pumzi moja ni fremu 6, mtazamaji anaona kijinga cha moto mbele ya kamera hata kama umechora kuni za ukubwa wa mtu, na hakuna materiali itakayoficha hilo. Rekebisha kasi ya muda ndani ya boksi, na hakikisha boksi lina ukubwa wake halisi, lisiwe limevutwa tu kwa macho.

Ukishapita hapo, taa ya nyuma ipo, msongamano umeshuka, moshi umeondoka ndani ya mwako, na pumzi inahesabika vizuri, ndipo utazame tena kama kweli unahitaji nyuzi nyembamba zaidi. Ikiwa ndiyo, nenda 192, usikimbilie 256. Hizo ni vokseli 7,077,888, mara tatu na ushei ya ulizonazo, na kadi uliyonayo sasa huenda ikazibeba.